Injini Ndogo Haifichi Kitu

Aliyekuwapo Unguja Januari ya 2010 anaikumbuka sauti ile. Umeme ulikatika kisiwa kizima tarehe 10 Desemba 2009 na haukurudi mpaka Machi. Tulikuwa tunategemea waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Ras Fumba, na njia ile ilipoharibika hapakuwa na nyingine. Pampu za maji nazo zikanyamaza, watu wakawa wanatoka alfajiri na madumu kutafuta visima. Ikishaingia Magharibi, Ng'ambo yote ya mji ilinuka petroli. Mwembetanga, Kisimamajongoo, Mlandege, Jang'ombe: kila penye baraza paliwekwa jenereta, kamba zikavutwa moja baada ya nyingine, na mtu akawa anapiga kelele kumwambia neno jirani aliyekaa naye mkeka mmoja.

Letu lilikuwa dogo, la kuchanganyia petroli na oili, la kuwasha taa tatu na televisheni. Wiki ya tatu lilizima ghafla na kamba haikuvutika tena. Fundi alilifungua pale pale barazani, akalichungulia kwa tochi ya simu, akamwambia baba: "Imekamata, mzee. Pistoni na silinda zimeshikana."

Baba akauliza kwa nini.

"Oili ilikuwa kidogo."

Mazungumzo yakaishia hapo. Jenereta likasukumwa uvunguni mwa kitanda cha bibi, likakaa huko miaka.

Mimi jibu lile halikunitosha. Nilikuwa mtoto wa skuli na nilijua kwamba oili inalainisha. Lakini vyuma viwili vilivyokuwa vikiteleza asubuhi vinawezaje kushikana jioni hata nguvu za mtu mzima zisiviachanishe? Zaidi ya miaka kumi ilipita kabla sijajibiwa, na iliyonijibu ni injini ninayoweza kuifunika kwa kiganja, niliyoiunda mwenyewe katika chumba cha uwani.

Neno kuunda nimelichagua makusudi. Pwani yetu jahazi, mashua na ngalawa huundwa. Kutengeneza ni kukirudishia uzima kitu ambacho mwengine alishakiunda. Ng'ambo imejaa watengenezaji, na siwasemi kwa kuwashusha: mtu anayeiweka barabarani Vespa iliyomzidi umri, kwa vipuri vya pikipiki nyengine, ana elimu ambayo aliyeiunda hakuwa nayo. Tulichopungukiwa ni watu wa aina ya pili, wanaokaa nyumbani na kipande cha shaba na tupa, bila ya kuagizwa na mtu wala kutarajia mauzo, wakaunda injini kwa sababu wanataka kuiona ikizunguka.

Kwengine watu hao ni wengi. Uingereza wana jarida lao, Model Engineer, lililoanzishwa na Percival Marshall mwaka 1898, na mwaka huo huo wakajikusanya kuwa chama huko London. Wengi wao hawakuwa wahandisi. Mtu anarudi kazini, anakunywa chai, anaingia kwenye banda la nyuma ya nyumba, na baada ya miaka kadhaa ya jioni za namna hiyo anatoka na garimoshi lenye urefu wa meza, linalokula makaa ya kweli na kuvuta watu wazima waliokaa juu ya vigari. Mashine zao za mwanzo za kukerezea nyingi zilizungushwa kwa mguu, maana umeme majumbani ulikuwa haujafika. Hilo la mguu ndilo lililonifungua macho. Kumbe sikuhitaji kusubiri nipate fedha ya mashine. Nyumbani kulikuwa na charahani.

Charahani ya bibi ilikuwa ya kukanyaga. Kichwa chake kilikwisha zamani, lakini miguu ya chuma cha kusubu, kanyagio na gurudumu kubwa la chini vilikuwa vizima. Juu ya meza yake nilifunga vipande viwili vya chuma kinene, kila kimoja na beringi yake, nikapitisha mhimili na kurudisha mkanda wa ngozi mahali pake. Nikikanyaga, mhimili unazunguka pamoja na kipande cha shaba kilichobanwa mbele yake, na kisu kinakikata. Kisu chenyewe kinakaa juu ya kitelezi kinachosogezwa na skrubu ya milimita 6. Meno ya skrubu hiyo yanapishana milimita moja, kwa hivyo mzunguko mmoja wa mkono unakisogeza kisu milimita moja kamili. Nikakigawa kishikio chake alama 50. Kila alama ikawa sehemu mbili za mia za milimita. Kwa charahani na skrubu ya dukani nikawa napima kitu chembamba kuliko unywele.

Wapo wanaodhani kukereza ni neno la kiwandani lililokuja na mashine. Si kweli. Miguu ya vitanda vya wazee wetu ilikerezwa, na chombo cha kukerezea kina jina lake la Kiswahili, keezo, ambalo siku hizi halisikiki. Nami charahani yangu naiita keezo.

Vitu vyengine vilikuwamo chumbani au vilipatikana kwa kuulizia: jiliwa iliyofungwa kwenye ubao wa mvule, tupa nne, msumeno wa chuma, kekee ya umeme, kalipa. Shaba ya njano ilitoka kwenye koki mbovu za maji. Nilichagua shaba kwa sababu hewa ya Unguja ina chumvi, na chuma kilichosuguliwa leo kinaamka na kutu. Fimbo za chuma nilizitoa ndani ya printa zilizotupwa. Huko ndani mna fimbo zinazoongoza kichwa cha kuchapishia, zilizonyooka na kulainishwa kiwandani kwa usahihi ambao mkono wangu haungeufikia. Fimbo ya milimita 10 ukiikata kipande unapata pistoni iliyo tayari. Na kile kigurudumu cha mkono cha charahani ile ile, kizito na kilichosawazishwa, ndiyo flaiwili.

Injini ya kwanza niliyoiunda ni ile wanayoanza nayo karibu wote duniani, ya silinda inayoyumba. Pistoni yake ni ya milimita 10 na inakwenda mwendo wa milimita 16. Valvu haina, na hapo ndipo penye uzuri wake. Silinda haikufungwa imara. Imeshikwa na pini moja na kubanwa kwa springi dhidi ya ukuta wa shaba, na kranki ikizunguka silinda nayo inayumba huku na huku kama pembea. Ubavuni mwake mna tundu moja. Ukutani mna matundu mawili. Silinda ikiyumba upande mmoja, tundu lake linakabiliana na lile la kuingizia, mvuke unaingia na kuisukuma pistoni. Ikiyumba upande wa pili, linakabiliana na la kutolea, mvuke uliokwisha kazi unatoka. Pistoni ikiwa juu kabisa au chini kabisa, tundu liko kati kwa kati na linaziba. Wakati huo hakuna kinachoisukuma injini ila uzito wa flaiwili inayokataa kusimama.

Kwa maneno hayo machache inaonekana kazi ya siku moja. Mimi nilichukua miezi minne. Matundu mawili ya ukutani nilikosea nikayatoboa mbali kupita kiasi, chini ya milimita moja tu, na injini ikawa inapumua bila kuzunguka. Nilitoboa ukuta wa pili, kisha wa tatu. Silinda niliisugua ndani kwa dawa ya meno na oili, pistoni ikipita na kurudi, mpaka nikafika pale wanapopataka wote wenye kazi hii: unaziba tundu kwa kidole, unaivuta pistoni kisha unaiachia, nayo inarudi yenyewe kama iliyofungwa kamba. Maana yake hewa haina pa kupenya.

Usiku wa kwanza sikuwa na mvuke. Niliiunganisha na pampu ya baiskeli, mdogo wangu akapampu, nikaigusa flaiwili kwa kidole. Ikakohoa mara mbili, kisha ikaondoka. Sauti yake ni ndogo, mfano wa charahani iliyo nyumba ya pili. Baba alitoka sebuleni akaja kusimama mlangoni. Alitazama, hakusema kitu, akaichukua pampu mikononi mwa mdogo wangu akapampu mwenyewe.

Unguja si mahali ambapo injini ni kitu kigeni, nalo hilo huniumiza. Mwaka 1879 Sultani Sayyid Barghash alitandika reli kutoka mjini hadi kasri yake ya Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha akaagizia Uingereza kigarimoshi cha mvuke. Alipofariki mwaka 1888 reli ile haikudumu. Alikuwa pia na meli ya mvuke iliyoundwa Scotland mwaka 1878, akaipa jina la Glasgow. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza waliizamisha mbele ya mji, katika vita vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia, na milingoti yake ikabaki imetoka majini hadi 1912. Mwaka 1905 ikaja reli ya Bububu, maili saba, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney. Ilianzia Ngome Kongwe, ikapita vichochoro vya Malindi karibu na madirisha ya watu. Abiria waliisha kupanda mwaka 1922 na miaka michache baadaye reli ikang'olewa. (Wapo wanaosimulia kwamba mahali pale paliitwa Bububu kwa mlio wa treni. Binti Sultani, Sayyida Salme, aliitaja Bububu katika kitabu chake cha mwaka 1886, treni ikiwa haijafika kwa miaka 19. Jina ni la zamani kuliko injini.)

Zote hizo zilishuka bandarini zimekwisha kuundwa, zikafanya kazi, zikaishia chuma chakavu. Kijana wa Ng'ambo leo hana hata moja ya kwenda kuishika na kuuliza mvuke uliingilia wapi. Tumebakiwa na picha zake, na picha haizunguki.

Vyombo vya baharini vimepata bahati kuliko injini. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, haupo tena majini. Umbo lake tunalijua kwa sehemu kubwa kwa sababu palikuwa na watu waliokaa wakaunda mifano midogo, na mifano ile ikahifadhiwa makumbusho. Kitu kidogo kilibeba kumbukumbu ya kitu kikubwa kilichooza.

Tena mfano mdogo unaweza zaidi ya kukumbusha. Jina la Glasgow linanipeleka kwenye kisa ambacho kila fundi angepaswa kukijua. Mwaka 1763 Chuo Kikuu cha Glasgow kilikuwa na mfano mdogo wa injini ya mvuke ya Newcomen, ya aina iliyotumika kuvuta maji migodini. Uliharibika, akapewa James Watt autengeneze, yeye akiwa fundi wa vyombo vya kupimia. Akautengeneza. Lakini aliona ajabu moja: mfano ulikwenda mara chache tu kisha mvuke ukaisha, ijapokuwa boila yake ilionekana inatosha. Injini kubwa migodini zilikuwa zikifanya kazi mchana kutwa.

Sababu ni hesabu ambayo mtoto wa skuli ya msingi anaiweza. Chukua sanduku ulipunguze nusu kwa urefu, upana na kimo. Ujazo wake unabaki moja ya nane, lakini ngozi yake ya nje inabaki robo. Kwa hivyo kadiri kitu kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyokuwa na ngozi nyingi ya kupotezea joto kwa ujazo wake. Injini ya Newcomen ilikuwa ikiipoza silinda kwa maji baridi katika kila mwendo, kisha ikaitia moto upya. Kwenye injini kubwa hasara hiyo ilijificha. Kwenye ndogo ilipiga kelele. Watt alikaa nayo mpaka mwaka 1765 ndipo akapata wazo la kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni, silinda ibaki moto muda wote. Meli zilizotia nanga Forodhani baadaye zilikuja kwa nguvu ya wazo hilo, nalo lilizaliwa mezani, kwenye kitu ambacho wengi wangekiita cha kuchezea.

Injini ndogo haifichi kitu. Niliyasoma hayo kabla, lakini sikuyaamini mpaka nilipounda injini ya pili.

Ya pili niliitaka iwe na nguvu. Silinda yake ni bomba la chuma kutoka shokomzoba chakavu la pikipiki, kipenyo cha ndani milimita 20. Kwa pistoni nilitaka kitu chepesi, nikalikumbuka jenereta lililoko uvunguni. Nikalifungua, nikaitoa pistoni yake ya alumini kwa nyundo na gogo, nikaivunja vipande, nikaiyeyusha juu ya seredani ya mkaa uliopulizwa kwa feni, nikaimimina katika kalibu. (Kalibu iwe kavu kabisa. Tone moja la maji chini ya alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha usoni.) Nilipoikereza niliibana kwa majivuno, nikaacha nafasi ya sehemu moja ya mia ya milimita kati ya pistoni na silinda. Kwa pampu ya baiskeli ilizunguka vizuri mno. Nikaipeleka kwenye mvuke.

Ilikwenda kama nusu dakika. Ikapunguza mwendo, ikaguna, ikasimama. Nikaishika flaiwili: haitikisiki. Nilijisikia nimesimama tena barazani mwaka 2010, kamba mkononi mwa baba.

Nikaiacha mezani nikaenda kuswali Isha. Niliporudi niliigusa kwa kidole kimoja ikazunguka bila taabu, kana kwamba hapakuwa na lolote. Injini ilikuwa imepoa.

Hapo ndipo jibu liliponijia, nikalitafutia hesabu usiku ule ule. Kila chuma kikipata moto kinatanuka, lakini kila kimoja kwa kiasi chake. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma: kwa kila nyuzi moja ya joto, sehemu 23 katika milioni, wakati chuma hutanuka sehemu 12. Pistoni ya milimita 20 ikipanda nyuzi 80 pamoja na silinda yake, inatanuka kuishinda silinda kwa karibu sehemu mbili za mia za milimita. Mimi nilikuwa nimeiachia moja. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko tofauti hiyo mara kadhaa, na ndiyo iliyoisimamisha injini.

Nikalirudia jenereta. Ndani ya silinda yake, kwenye mwanga wa jua, palikuwa na michirizi ya kijivu kutoka juu hadi chini. Ilikuwa alumini ya pistoni iliyopakazwa ukutani. Oili ilipopungua msuguano ukazidi, joto likapanda, na pistoni, ambayo ndiyo inayokaa karibu zaidi na moto, ikatanuka kuliko nyumba yake. Kama lingezimwa dakika moja kabla, lingepoa na kuachia kama la kwangu. Lakini lilikuwa likivuta taa na televisheni, likaendelea kujilazimisha mpaka chuma kikapakazana na chuma. Fundi wa barazani alisema kweli. Alisema nusu ya kweli, na nusu iliyobaki haikuwa kazi aliyoitiwa.

Pistoni niliikereza upya, nikaiachia nafasi ya sehemu nne za mia na kuichonga mifereji miwili ya kushikia oili. Haijakamata tena. Ile injini ya kwanza haijawahi hata kutishia, na sasa najua sababu: silinda yake ni shaba na pistoni ni chuma, na shaba hutanuka zaidi kuliko chuma, kwa hivyo ikipata moto inalegea badala ya kubana. Nilibahatika bila kujua.

Kuhusu boila nataka kusema wazi, kwa sababu najua yupo atakayesoma makala hii akatafuta kopo. Asitafute kopo. Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi mara 1,600 na zaidi, na kopo lililozibwa likitiwa moto ni bomu. Anayeanza atumie pampu ya baiskeli, inatosha kwa mwaka mzima wa kujifunza. Boila yangu ni bomba nene la shaba nyekundu lenye vifuniko vya shaba pande zote mbili. Lehemu ya kawaida ya risasi haifai hapo. Inayeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, na mvuke wa shindikizo la baa tatu peke yake umeshapita nyuzi 140. Maji yakikauka tu, viungo vinaachia. Vifuniko viliungwa kwa fedha, na aliyeviunga ni sonara. Nilimpelekea jioni amefunga hesabu, akakigeuza kile kibomba mara mbili. "Bangili ya nani hii, mwanangu?" Nilipomweleza hakunirudisha. Alisafisha viungo kwa namna ambayo sijawahi kuona kwenye gereji yoyote, akapasha bomba lote kwanza kabla ya kiungo, na fedha ikakimbia kuzunguka ukingo kama maji yanavyoingia kwenye mchanga. Mji wetu una watu wanaojua kuunga madini kwa ustadi wa namna hiyo, nasi tumewaachia mikufu peke yake.

Kabla ya moto boila hupimwa kwa maji baridi, kwa shindikizo mara mbili ya lile litakalotumika. Maji hayashindiliki kama hewa, kwa hivyo pakiwa na udhaifu boila itavuja tu, haitaruka. Halafu lazima iwe na valvu ya usalama inayofunguka yenyewe. Asiyekuwa na mtu mzima anayejua kazi hiyo asiwashe moto. Hilo halina mjadala.

Watoto wa mtaa waliijua njia ya uwani kwangu kabla sijawakaribisha. Siku za Sikukuu wanapeleka fedha zao Mnazi Mmoja na kurudi na magari ya plastiki, na kabla ya wiki mbili yamevunjika na hakuna anayeyalilia. Lakini watoto hao hao wanajua kuunda. Gari la waya lenye magurudumu ya kandambili na usukani mrefu lina ekseli inayogeuka kweli. Kingalawa cha kuchezea chenye ndubi zake na tanga la mfuko kinakwenda joshi kweli. Mkono wanao. Kinachokatika ni njia baada ya hapo: akitimia miaka kumi na miwili hakuna gari la waya la juu yake, anapewa daftari.

Msichana mmoja wa jirani, wa umri huo, aliniuliza kwa nini gurudumu limekuwa zito vile ilhali injini ni ndogo. Sikumjibu. Nilimpa spana, akaivua flaiwili, akaiwasha. Injini ikaenda robo mzunguko ikasimama. Akairudia mara tatu, kisha akasema: "Inakwama pale inapokuwa haisukumwi." Alikuwa amepaona mahali penyewe, pale tundu linapoziba, wala hakuna kitabu kilichomwambia. Siku ya pili alikuja na swali la matundu.

Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iko Mbweni, si mbali na Ng'ambo, na elimu ya ufundi kule ina mizizi tangu 1966. Ombi langu kwao na kwa wizara ni dogo: karakana moja, Jumamosi moja kwa mwezi, milango iwe wazi kwa watoto wa madarasa ya juu ya skuli ya msingi, na juu ya meza pawe na jiliwa kumi, tupa kumi na shaba ya kutosha silinda kumi. Jumba la Beit el Ajaib, lililoanguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, litakaposimama tena, naomba katika vyumba vyake pawekwe injini moja ya mvuke inayozunguka, ndogo, ndani ya kioo, yenye kitufe ambacho mtoto anaweza kukibonyeza.

Na wewe msomaji, nina ombi kwako pia. Majenereta yaliyonunuliwa katika miezi ile mitatu ya giza bado yamo uvunguni, darini na kwenye stoo za Ng'ambo, na mnunuzi wa vyuma chakavu anapita na rikwama akiyataka kwa kilo. Kabla hujampa la kwako, mwite mtoto wa nyumba, mpe spana, kaeni chini mlifungue pamoja mpaka mwione pistoni.